Wazayuni wa kidini, kura zao na sala zao: maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu kundi moja: Wayahudi wa Israeli wanaoshika dini na papo hapo ni wazalendo wakali wa taifa lao. Wenyewe hujiita Wazayuni wa kidini, na wanaume wao hutambulika kwa kofia ndogo ya kufumwa kwa uzi. Yapo tuliyoyajibu kwa urefu, yapo tuliyoyapitia haraka.

Ni kweli waasisi wa kundi hili walitaka kuja huku kwetu? (Msomaji, Eldoret)

Walipiga kura ya kuja kupaangalia, ndiyo. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpelekea Theodor Herzl, kiongozi wa Uzayuni, yaani harakati za kuwapatia Wayahudi nchi yao, wazo la koloni la Wayahudi kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Mpango uliitwa "wa Uganda" kwa sababu hadi 1902 eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mkutano wa sita wa Wazayuni, uliofanyika Basel mwezi Agosti 1903, ulipitisha kutuma tume kwa kura 295 dhidi ya 178.

Ajabu iko kwa waliounga mkono. Chama cha wenye dini kilikuwa Mizrachi, kilichoanzishwa Vilna mwaka 1902 na Rabi Yitzchak Yaakov Reines, na wengi wa wajumbe wake walisema ndiyo. Waliotoka ukumbini kwa hasira walikuwa wajumbe wa Urusi, ambao wengi wao si watu wa kusali. Reines alikuwa na sababu. Miezi minne nyuma, Wayahudi wa Kishinev, mji wa Dola ya Urusi, walikuwa wamechinjwa mchana kweupe. Kwake Uzayuni ulikuwa kazi ya kuokoa roho za watu, na habari za Masihi alimwachia Mungu. Anayezama hachagui atokee ukingo upi wa mto.

Tume ya watu watatu ilifika mwanzoni mwa 1905, na mkutano wa saba wa mwaka huohuo ukaukataa mpango. Walowezi wa Kizungu wa huku, Lord Delamere akiwa mbele, nao walikuwa wameupigia kelele. Wanandi, waliokuwa bado vitani na Waingereza, hawakuulizwa na yeyote. Fikra ya Reines usiisahau, kwa maana waliomfuata waliipindua.

Wana tofauti gani na wale wa kofia nyeusi na makoti marefu?

Chanzo cha ugomvi ni ukurasa mmoja wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, Ketubot 111a, wenye viapo vitatu: Israeli wasipande kwenda nchi yao "kama ukuta", yaani kwa umati na kwa nguvu, wasiasi dhidi ya mataifa, na mataifa nayo yasiwatese kupita kiasi. Wahasidi wa Satmar, kundi kali miongoni mwa wa kofia nyeusi, hushika viapo hivyo kama sheria hai, kwa hiyo kwao kuanzisha dola kabla ya Masihi ni dhambi. Wengi wa kofia nyeusi hawaendi mbali hivyo. Wao huiona Israeli kama serikali yoyote ile: unaipigia kura, unadai haki zako, huiimbii zaburi.

Wazayuni wa kidini hujibu kwamba viapo vile ni masimulizi, havikuingizwa katika vitabu vya sheria. Wengine huongeza kuwa mataifa yenyewe yalivunja kiapo cha tatu, au kwamba kura ya Umoja wa Mataifa ya 1947 iliondoa hoja ya uasi. Kisha akaja Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefika Jaffa mwaka 1904 na kuwa rabi mkuu mwaka 1921. Alifundisha kwamba hata kijana asiyeshika Sabato, akilima ardhi ya nchi ile, anafanya kazi ya Mungu bila kujijua. Mwanawe, Rabi Zvi Yehuda Kook, akapiga hatua nyingine: dola yenyewe ni takatifu, pamoja na jeshi lake. Hapo ndipo Reines alipopinduliwa. Kilichokuwa kamba ya kuokolea kikawa ngazi ya ukombozi, na ngazi ya ukombozi huruhusiwi kushuka.

Kama ukombozi umeshaandikwa, mbona wanahesabu kura kama wachuuzi?

Kwa sababu Bunge lao lina viti 120, nchi nzima ni jimbo moja, na tangu 2014 orodha ya wagombea isiyofikisha asilimia 3.25 ya kura halali haipati kitu. Fanya hesabu: asilimia 3.25 ya viti 120 ni 3.9. Kwa hiyo chama kidogo ama kinapata viti vinne hivi, ama sifuri. Katika uchaguzi wa Novemba 2022 kizingiti hicho kilikuwa takriban kura 155,000.

Njia yao ya kukwepa shimo hilo ni hii. Vyama viwili au vitatu visivyopendana huungana kwenye orodha moja, yenye karatasi moja ya kura. Ugomvi halisi uko kwenye nafasi: nani wa kwanza, nani wa tano, nani yuko pale ambapo kura za maoni zinaonyesha kiti kinatetereka. Wanaandikiana kwamba baada ya uchaguzi kila chama kitajitenga na wabunge wake. Halafu orodha hiyo husaini mkataba wa kura za ziada na orodha nyingine, ili mabaki yasiyotosha kiti yahesabiwe pamoja. Mkataba huo hufa ikiwa mmoja wao hakuvuka kizingiti. Mwaka 2022 mbinu hii iliwapa viti 14, na baadaye wakagawana: saba kwa chama cha Bezalel Smotrich, sita kwa cha Itamar Ben Gvir na kimoja kwa chama kidogo cha Noam.

Wasipoungana, yaliyowapata yanakumbukwa kwa majina. Mwaka 1992 Tehiya, chama cha wasiotaka kutoa ardhi yoyote, kilijitoa serikalini kwa sababu waziri mkuu Shamir alikubali mazungumzo ya Madrid na Waarabu. Serikali ikaanguka, Tehiya ikapata asilimia 1.2 wakati kizingiti kilikuwa 1.5, Yitzhak Rabin, mpinzani wa Shamir, akapata wingi wa kuungwa mkono na wabunge 61, na mwaka uliofuata ukaja Mkataba wa Oslo kati ya Israeli na Wapalestina. Walioshika msimamo bila kulegeza uzi ndio waliosaidia kuleta walichokichukia kuliko vyote. Mwishoni mwa 2018 Naftali Bennett na Ayelet Shaked, viongozi wa chama cha kundi hili, walijitenga wakaanzisha chama kipya, na katika uchaguzi wa Aprili 2019 kikaishia asilimia 3.22. Zilipungua kura zipatazo 1,400.

Ila kuungana nako kuna gharama, na hapo imani ya mtu inaguswa. Ben Gvir alikulia katika harakati za Meir Kahane, rabi aliyetaka Waarabu wafukuzwe nchini, ambaye chama chake kiliingia bungeni 1984 na kupigwa marufuku kugombea 1988. Je, muumini aliyefundishwa kwamba kila binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu atie karatasi hiyo sandukuni kwa sababu ya asilimia 3.25? Wapo wanaosema kura ni hesabu tu. Wapo wanaokataa na kuhamia Likud, chama kikubwa cha mrengo wa kulia, au vyama vya kati. Ndiyo maana viti vya orodha ya pamoja mara nyingine huwa pungufu ya jumla ya vyama vikihesabiwa kimoja kimoja. Wenye msimamo wa wastani walijaribu njia yao pia: Meimad ya Rabi Yehuda Amital, mwaka 1988, haikufikisha hata asilimia moja.

Kutoa ardhi kwa ajili ya amani ni haramu kwao?

Inategemea unamsoma nani. Nahmanides, rabi wa karne ya 13, aliihesabu kuikalia na kuimiliki nchi ile kuwa amri ya Torati kwa vizazi vyote. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa dini aliyemtangulia, hakuiweka katika orodha yake ya amri 613. Shule ya Zvi Yehuda inamfuata Nahmanides.

Upande wa pili huleta kanuni kwamba kuokoa uhai huvunja karibu kila amri. Shule ya Zvi Yehuda hujibu kuwa amri ya kuiteka nchi imekuja na vita ndani yake, na vita bila hatari ya kufa haipo, kwa hiyo kanuni haifanyi kazi hapo. Jibu hilo lina mantiki kali, na ukilikubali umefunga mlango wa mazungumzo yote. Rabi Joseph Soloveitchik, kiongozi wa Mizrachi Marekani, hakulikubali. Alisema Myahudi mgonjwa kwenye Siku ya Upatanisho humwuliza daktari kama afunge au ale. Basi na suala la ardhi waulizwe wajuzi wa usalama, marabi wafuate. Yeshayahu Leibowitz, mshika dini hadi kifo chake mwaka 1994, alikwenda mbali zaidi: dola haina utakatifu wowote, na kuitukuza ni kuabudu sanamu. Tangu 1967 alitaka Israeli iondoke katika maeneo iliyoyateka.

Katika kurasa hizi zote Mpalestina anayeishi juu ya ardhi hiyo hutajwa kwa nadra sana, na akitajwa huwa sehemu ya suala la usalama. Anayezisoma kwa mara ya kwanza hulishangaa hilo, na ana haki.

Askari akiamriwa kuwatoa walowezi, anamtii rabi au afisa?

Swali hili lilijibiwa mwezi Agosti 2005, Israeli ilipoondoa makazi yote 21 ya walowezi wa Kiyahudi huko Gaza na mengine manne kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi. Rabi Avraham Shapira, mkuu wa chuo cha Merkaz HaRav na rabi mkuu mstaafu, alitoa hukumu: ni marufuku kushiriki. Msingi wake ni Maimonides, Sheria za Wafalme 3:9: anayeacha amri ya mfalme kwa sababu ya amri ya Mungu hana hatia.

Rabi Shlomo Aviner na Rabi Zvi Tau, wanafunzi wa Zvi Yehuda vilevile, walikataa. Hoja yao haikuwa ya kulegeza kamba. Kama dola ni takatifu, kulipasua jeshi ni kupasua kitu kitakatifu, na ardhi iliyopotea inaweza kurudi lakini taifa lililopasuka je? Tazama jinsi mwalimu mmoja alivyozaa hukumu mbili zinazogongana: aliyeweka utakatifu kwenye ardhi alikataa amri, aliyeuweka kwenye dola alitii. Katikati kulikuwa na askari waliomwendea kamanda kimya kimya na kusema "siwezi", si "sitaki", wakapangiwa kazi nyingine. Jeshi halikugawanyika.

Raia nao waligawanyika juu ya mbinu. Julai 2005 maelfu kwa maelfu walikusanyika Kfar Maimon, kijiji cha Israeli karibu na Gaza, wakielekea Gaza kupinga uondoaji huo, polisi wakawazingira, na baada ya siku tatu viongozi wa walowezi wakaamua wasivunje uzio. Vijana wengi waliuita uamuzi huo usaliti. Februari 2006, zilipobomolewa nyumba tisa Amona, makazi ya Ukingo wa Magharibi, hawakungoja wazee: walipambana na polisi juu ya mapaa. Wengine walitoa somo tofauti kabisa. Waliona wameshindwa kwa sababu waliishi vilimani peke yao na Waisraeli wengine hawakuwalilia, kwa hiyo familia zikazidi kuhamia miji kama Lod, wenye Wayahudi na Waarabu ndani ya Israeli, kufungua shule na vituo vya misaada. Wakazi Waarabu wa Lod hawauoni ujio huo kama msaada.

Wote wanataka kusali Al-Aqsa? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Tangu 1967 Ofisi ya Marabi Wakuu inakataza Wayahudi kuingia uwanja wote wa Al-Aqsa, kwa kuwa hawana tohara inayotakiwa mahali palipokuwa na Hekalu. Zvi Yehuda naye alikataza. Utaratibu uliowekwa mwaka huo ni kwamba Waislamu wanasali na wengine wanatembelea. Kwa miaka ya karibuni marabi wengi wa kundi hili wameruhusu sehemu za pembeni, kwa sharti la kuoga josho la tohara na kuvua viatu vya ngozi, na sala za Kiyahudi zimekuwa zikifanyika pale kinyume cha utaratibu. Wa kofia nyeusi wengi bado wanasema ni haramu.

Dola ikienda kinyume na ulichoamini, imani inabaki wapi?

Wengine huiacha. Wapo wengi kiasi kwamba Kiebrania kina kifupisho chao, datlash, yaani "mshika dini wa zamani". Wanaobaki, msimamo wao utauona sinagogi kuliko kwenye chama.

Sikukuu ya uhuru, tarehe 5 ya mwezi wa Iyar katika kalenda ya Kiyahudi, husomwa Zaburi 113 hadi 118. Je, zitanguliwe na baraka inayotaja jina la Mungu? Baraka isiyo na wajibu ni kulitaja jina lake bure, kwa hiyo anayebariki anadai kwamba kuzaliwa kwa dola ni muujiza wa wazi. Asiye na hakika husoma zaburi bila baraka.

Halafu kuna dua ya kuiombea dola, ya mwaka 1948, inayoiita Israeli "mwanzo wa kuchipuka kwa ukombozi wetu". Baada ya makazi ya Gaza kuondolewa mwaka 2005 wapo walioacha kuisoma, na wapo walioruka sehemu ya kuwaombea mawaziri na washauri wao. Wengine huongeza neno moja tu: badala ya kutamka kwamba dola ni mwanzo huo, wanaomba iwe.