"Poa" ya kujibia kila kitu

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Hivi 'poa' tumetafsiri 'cool' ya Wazungu? Na imekuwaje bei poa, mambo poa na dada poa yote yawe neno moja?"

Hapana ndugu yangu, hili neno ni letu tangu enzi za mababu. Kupoa ni kupungukiwa moto, chai inapoa, hasira zinapoa, kule Afrika Kusini Wazulu wanasema phola, yaani ukoo mmoja wa Kibantu. Kwetu ile l ya katikati ilidondoka, ila imebaki kwenye "pole" na "mpole". Hiyo l ishikeni, nitairudia.

Mtaani likageuka sifa isiyobadilika: bei poa ni nafuu, mambo poa ni mazuri, dada poa ni mwanamke anayejiuza. Angalieni tu, "biashara poa" inalipa, "biashara imepoa" wateja hawaji. Sina ugomvi na hilo, lugha iko hai.

Kinachonikera ni poa ya kujibia kila kitu, hadi mzee akiuliza "hujambo" anaambiwa poa. Tulipofiwa na shangazi nilimwandikia kijana mmoja ninayefanya naye kazi, "Ndugu yangu, shangazi katutoka alfajiri ya leo, mazishi kesho saa 10 jioni, Kisarawe." Akajibu: "Poa." Basi! Nikakaa na simu mkononi naisoma mara ya pili, mara ya tatu, nikidhani hajamaliza kuandika. Poa nini? Msiba ni mzuri? Au shangazi ndo kapoa, maana mimi nilikuwa nimetoka kumshika mkono na kweli ulishakuwa wa baridi, na ndicho nilichokisikia kwenye hilo neno. Alitaka kusema taarifa kaipata na atakuja, najua, na alikuja kweli akashika koleo akafukia kaburi na wenzie hadi mwisho, mtoto wa watu hana roho mbaya hata kidogo. Ila kwenye simu mfiwa haoni koleo, anaona neno, na neno alilolihitaji kijana lilikuwa hapohapo jirani, ndugu wa tumbo moja na poa, lile lililobaki na l yake: pole. Limezidi herufi moja tu, hata bando haliishi.