Sukari Imepimwa Iko Sawa, Kiu Haiishi: Anza na Jagi

Mtu akilalamika ana kiu isiyokatika, mdomo unakauka na anaenda haja ndogo kila saa, majibu ya mtaani ni mawili: "hiyo sukari" au "hiyo UTI". La kwanza lina haki ya kupimwa siku hiyohiyo. La pili hutolewa kirahisi mno, ndiyo maana kuna watu wamemaliza dozi ya siprofloksasini ya tatu na kiu iko palepale. UTI ya kawaida haileti kiu. Inaleta mkojo kidogokidogo, unaoungua, unaobana ghafla. Anayekunywa madumu ya maji na kukojoa madumu ya maji ana jambo lingine.

Kwanza ya dharura. Kama hali hii imeanza ndani ya siku au wiki chache, na mgonjwa anapungua mwili, anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, au anaitwa haitiki vizuri, apelekwe hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Kwa mtoto, dalili inayopuuzwa ni kuanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Wengi wao huanza kutibiwa malaria huku sukari inapanda. Kipimo cha sukari cha kidoleni hakimalizi hata dakika mbili. Kiombe kwa jina lake, usingoje daktari akikumbuke.

Makala hii ni ya yule ambaye hayuko katika dharura hiyo. Amepima sukari, ameambiwa iko sawa, na bado anaamka usiku mara nne na chupa ya maji haibanduki mkononi.

Mara nyingi si sawa na mwingi

Hapa ndipo wengi wanapotea njia, wagonjwa na wahudumu pia. Kukojoa mara kumi na tano kwa siku, kila mara kiasi cha kikombe cha kahawa, ni shida ya kibofu, tezi dume au njia ya mkojo. Kukojoa mara kumi, kila mara karibu nusu lita, ni mwili unaomwaga maji. Vipimo vya huku na vya kule havifanani, na hakuna anayeweza kukutofautishia kwa kukusikiliza tu. Inabidi upime mwenyewe.

Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kama huna, chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ijaze, mimina kwenye kopo pana na uchore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Kama kopo lina pande zilizonyooka, gawanya nafasi iliyo chini ya mstari huo nusu kwa nusu upate robo lita. Kwa mwanamke, kopo pana au beseni dogo ni rahisi zaidi kuliko jagi.

Chagua siku utakayokuwa nyumbani. Asubuhi ukiamka kojoa chooni kama kawaida, mkojo huo usiupime, ila andika saa. Kuanzia hapo kila mkojo upite kwenye jagi: andika saa, andika kiasi, mwaga. Endelea mchana na usiku kucha, na umalizie na mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Huo unaupima. Pembeni andika kila unachokunywa: maji, chai, uji, supu, maziwa, soda. Rudia siku nyingine, kwa sababu siku moja inaweza kudanganya. Na usijibane kunywa kwa kuwa unapimwa, wala usinywe kupita kawaida yako. Watu hufanya hivyo bila kujijua, na karatasi inakuwa haina maana.

Sasa jumlisha. Kwa mtu mzima, zaidi ya lita 3 kwa saa 24 ni nyingi kuliko kawaida. Njia nyingine ni kuangalia uzito wako: zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo moja, kwa hiyo mwenye kilo 60 mpaka wake ni hizohizo lita 3. Kama jumla ni lita moja na nusu lakini umeenda chooni mara kumi na sita, acha kutafuta sukari na homoni. Pima mkojo kwa hadubini na, ikihitajika, uoteshwe maabara. Mwanaume aliyepita miaka 50 aangaliwe tezi dume. Aliyekulia kando ya ziwa au mashamba ya mpunga, hasa akiona damu mwishoni mwa mkojo, apimwe kichocho. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apime mimba kabla ya yote, ni kipimo cha bei ndogo.

Kuna na kundi la tatu ambalo jagi hulifichua vizuri: jumla ya siku ni ya kawaida, lakini sehemu kubwa inatoka usiku. Katika hesabu hii mkojo wa asubuhi wa kwanza ni wa usiku, na ule wa kabla ya kulala ni wa mchana. Kwa mtu wa makamo na kuendelea, usiku ukibeba zaidi ya theluthi moja ya jumla, angalia miguu jioni. Soksi ikiacha alama ya kuzama, maji yaliyojikusanya miguuni mchana yanarudi kwenye damu ukilala, na figo zinayatoa. Kunyanyua miguu alasiri kwa muda wa saa moja au mbili husaidia, pamoja na kupunguza chumvi ya chakula cha usiku. Ila moyo na figo viangaliwe pia. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini naye hukojoa sana usiku.

"Iko sawa" ni namba gani?

Ukiambiwa sukari iko sawa, omba namba na saa uliyopimwa. Kisukari kinathibitishwa sukari ya asubuhi, bila kula kwa angalau saa 8, ikifika 7.0 au zaidi. Au ya wakati wowote ikifika 11.1 au zaidi kwa mtu mwenye dalili. Au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ikifika asilimia 6.5. Namba mbili za kwanza ni za mmol/L, kipimo kinachotumika Tanzania na Kenya. Mwenye ndugu Marekani anayesoma mg/dL azidishe namba hizo mbili kwa 18.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Figo hurudisha sukari yote kwenye damu mpaka ifike karibu 10 mmol/L, ndipo huanza kuivujisha kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo mtu anayemwaga lita nne kwa siku kwa sababu ya sukari, sukari yake itakuwa juu kwa saa nyingi za siku hiyo. Ukipima saa mbili baada ya sahani ya wali au ugali ukakuta 6, halafu jagi likasema lita nne, sukari si maelezo ya kiu yako. Lakini kipimo kimoja cha asubuhi chenye 6.8 hakitoshi kukutoa mashakani, maana huyohuyo anaweza kufika 13 baada ya kula.

Kipimo chenyewe kina mitego. Kidole chenye utomvu wa embe au sukari ya andazi kinatoa namba ya kutisha. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, choma pembeni ya ncha ya kidole. Vile vijiti vya mashine vikiachwa wazi kwenye joto na unyevu huharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Na HbA1c humdanganya mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni. Hao wategemee sukari ya asubuhi na ya baada ya kula.

Mwaga dawa zako zote mezani

Namaanisha pakiti zenyewe, zikiwemo za duka la dawa na za kienyeji. Dawa za presha za kukojosha, kama Lasix na jamii ya thiazaidi, hufanya kazi hiyohiyo unayoilalamikia. Mara nyingi kinachohitajika ni kuhamishia dozi ya jioni asubuhi, na hilo aliamue daktari. Piriton na dawa nyingi za mafua hukausha mdomo. Amitriptilini, inayotolewa sana kwa ganzi ya miguu na usingizi, hukausha mdomo vibaya sana. Buscopan pia. Lithiamu ya wagonjwa wa afya ya akili inaweza kuzifanya figo zisisikie tena homoni ya kuzuia maji, hata baada ya miaka ya matumizi. Dapagliflozini na empagliflozini, ambazo ni dawa za kisukari, humwaga sukari kwenye mkojo kwa makusudi, kwa hiyo kijiti cha mkojo kitaonyesha sukari nyingi hata kama damu iko sawa. Usikatishe dawa yoyote kwa sababu umesoma hapa. Ipeleke na uulize.

Sukari haipo, lita zipo

Omba kipimo cha mkojo cha kijiti, mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wengi huangalia sukari, protini na damu, halafu wanaruka mstari ulioandikwa SG. Huo unaonyesha jinsi mkojo ulivyo mzito. Mkojo wa asubuhi wa mtu mwenye afya huwa umekolea, mara nyingi 1.020 hivi. Ukisoma 1.005 au chini, rangi ya maji ya bomba, bila sukari, na jagi linasema zaidi ya lita 3, una jambo la kumweleza daktari wa homoni au wa figo.

Yanayowezekana ni matatu. Ubongo hautoi vasopresini, ile homoni ya kuzuia maji, ya kutosha, iwe baada ya kuumia kichwa (ajali za bodaboda hazikosi hapa), upasuaji au uvimbe karibu na tezi ya pituitari. Au homoni ipo, figo hazisikii: lithiamu, kalsiamu nyingi kwenye damu, potasiamu ndogo, au kurithi. Mawili haya yalikuwa yakiitwa kisukari insipidasi, na tangu 2022 wataalamu wanayaita upungufu wa vasopresini na ukinzani wa vasopresini, hivyo usishangae ukikuta majina yote mawili. La tatu ni kunywa kupita haja: mazoea, wasiwasi, mdomo mkavu unaodhaniwa kuwa kiu, au ule ushauri wa mitandaoni wa kunywa lita tano kila siku "kusafisha figo".

Damu itasaidia kutenganisha: sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kreatinini. Sodiamu iliyoko juu inaashiria maji yanatoka kuliko yanavyoingia. Iliyoko chini inaashiria unakunywa kupita figo zinavyoweza kutoa. Ikiwa katikati, hospitali kubwa hufanya kipimo cha kunyimwa maji: unakaa kwa saa kadhaa bila kunywa, huku uzito, mkojo na damu vikipimwa kila mara. Kipimo hicho kisijaribiwe nyumbani kwa namna yoyote. Mwenye upungufu wa vasopresini akikaa bila maji anaweza kukaukiwa kiasi cha kuchanganyikiwa kabla ya jua kuzama, na kwa sababu hiyohiyo asifunge Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari wake. Upande wa pili, desmopresini (dawa inayofanya kazi ya vasopresini) ya kuazima kwa jirani ni hatari kwa anayekunywa kwa mazoea: figo zinafungwa, yeye anaendelea kunywa, sodiamu inaporomoka, degedege linafuata.

Wakati unasubiri majibu kunywa kadiri kiu inavyotaka, lakini maji. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Kama tatizo ni sukari umemwagia petroli motoni, na kama si sukari umejiongezea kalori bure. Punguza chumvi. Figo zinahitaji maji ili kutoa chumvi, na kwa mwenye shida ya vasopresini chumvi kidogo humaanisha lita pungufu. Na kwa safari ya basi usijinyime maji tangu jana yake kwa kuogopa kusumbua dereva. Nunua tiketi ya basi linalosimama, kaa kiti cha njiani.

Mdomo mkavu peke yake

Kuna wanaosema kiu wakimaanisha kukauka mdomo. Jipime hivi: kula kipande cha mkate mkavu au kiazi kitamu kilichochemshwa bila chai. Ukishindwa kumeza, mate ni machache kweli. Macho nayo yakiwasha kama yana mchanga, na vidole vya mikono vinauma na kukakamaa asubuhi, uliza kuhusu ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi. Huwapata zaidi wanawake wa makamo. Anayelala mdomo wazi kwa pua kuziba huamka mkavu na kupata nafuu baada ya chai. Huyo atibiwe pua. Mirungi nayo hukausha mdomo, na ikisindikizwa na soda na jojo za sukari, meno huoza upesi.

Mate ndiyo yanayolinda meno, kwa hiyo mdomo mkavu ni suala la daktari wa meno pia. Piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Tafuna jojo isiyo na sukari. Kunywa mafunda madogo badala ya glasi nzima, maana glasi nzima inaenda kibofuni na mdomo unakauka tena baada ya dakika kumi. Acha kulamba ndimu, hata kama inaita mate: asidi inakula meno yasiyo na ulinzi. Dawa za kusukutua zenye spiriti zinaongeza ukavu. Utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu ni fangasi, una dawa yake, na ukirudirudi ni sababu nyingine ya kupima sukari na VVU.

Siku ya kumwona daktari beba karatasi ya jagi ya siku zote mbili, jumla ikiwa imeandikwa juu kwa wino mzito, namba za sukari pamoja na saa zake, pakiti za dawa, na majibu yenye SG. Usianze na "nakojoa sana". Anza hivi: "Nimepima, natoa lita nne na robo kwa siku, sukari saa mbili baada ya kula ilikuwa 6.1, naomba tuangalie sodiamu na kalsiamu."