Pilipili mbuzi Lushoto: kwanza tafuta joto la udongo

Wanaoniuliza habari za pilipili hapa Lushoto karibu wote huanza na mbolea. Niweke samadi ya kuku au ya ng'ombe? Niongeze majivu? Mbolea ina siku yake. Pilipili ya huku milimani huharibikia chini ya udongo, kabla hata haijachomoza, na kinachoiharibu ni baridi ya usiku.

Mimi ni mtu wa Ngamiani, Tanga mjini. Kule mbegu ya pilipili inamwagwa uani na maji ya vyombo, inaota yenyewe bila kuombwa, maana hata Julai usiku unacheza kwenye nyuzi 20 hivi. Sasa panda gari Mombo, uzianze zile kona za kuja huku kupitia Soni. Ni kilomita 33 hivi tu, lakini kila mita 1,000 unazopanda zinakupunguzia nyuzi kama 6, na mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai huku unashuka chini ya nyuzi 15 bila taabu. Mbegu ya pilipili inataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30. Ikikuta 15 inalala, na ikilala sana kwenye unyevu inaoza.

Jirani yangu, bibi wa Kisambaa anayelima kabichi na karoti, alinikuta na vikopo vyangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavitazama, kisha akasema, "Mwanangu, pilipili mbuzi huku haipandwi, inaletwa na basi." Kwa shamba la wazi, mwezi wa sita, nakubaliana naye kabisa. Kwa ndoo chache za barazani, hapana.

Ukitafuta maelezo mtandaoni utaangukia ya watu wa Uingereza na Kanada, wenye taa maalumu na mikeka ya umeme ya kupasha trei. Yachukue nusu. Wenzetu wale wakipanda mbegu Februari wamekosa vitu viwili, joto na mwanga. Sisi tuko nyuzi 4 na ushei kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mwanga tunao, hata siku ukungu unapochelewa kuondoka. Taa usinunue. Hangaika na joto la udongo tu, tena kwa zile wiki mbili tatu za kuotesha.

Majira ndiyo yanayowaponza wengi. Mtu anaona masika yanakwisha, udongo umelowa vizuri, anasia mwezi wa tano. Miche, kama itatoka, inaingia moja kwa moja kwenye kipupwe ikiwa na majani mawili, na hapo inasimama haikui wala haifi. Sia ndani ya nyumba mwishoni mwa Agosti. Mvua za vuli zikianza Oktoba miche inakuwa tayari kutoka nje, na ule msimu wa joto hadi Machi unakuwa wake wote. Pilipili mbuzi inahitaji miezi mitatu hadi minne baada ya kuhamishwa ndipo uchume zilizoiva, kwa hiyo ukichelewa hadi Novemba umejipunguzia mavuno.

Mbegu mimi huchukua kwenye pilipili za sokoni, nikishuka Tanga napitia Mgandini. Chagua iliyoiva kabisa, nyekundu au njano, hata ikiwa imeanza kunyauka ngozi. Ya kijani mbegu zake bado changa. Ipasue kwa ubavu, zikwangue mbegu kwa ncha ya kisu, zianike kivulini juu ya sahani mpaka zikatike ukizikunja. Ukali wenyewe haumo ndani ya mbegu, umo kwenye ule utando mweupe unaozishika, na ndio utakaokuganda vidoleni. Maji matupu hayautoi. Paka mafuta ya kula mikononi kwanza, sugua, halafu osha kwa sabuni, na macho uyaache kwanza. Tena ujue pilipili mbuzi ni mvivu kuota kuliko zile pilipili ndefu za kawaida. Ukiwa na haraka anza na hizo ndefu.

Sasa joto. Chombo changu ni deli, lile boksi la kuwekea samaki na barafu. Linalozuia joto lisiingie kwenye barafu linazuia pia lisitoke kwenye udongo wako. Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu. Jaza vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini: udongo mweusi sehemu tatu, samadi iliyooza vizuri sehemu mbili, mchanga sehemu moja, mchanganyiko wote umwagiwe kwanza maji yanayochemka na kuachwa upoe. Fukia mbegu kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, funika kopo kwa nailoni, lipange ndani ya deli. Katikati simamisha chupa ya maji ya moto, ya moto lakini unayoweza kuishika. Ikikuchoma mkono itachemsha na mbegu zilizo karibu. Badilisha chupa usiku kabla ya kulala na asubuhi ukichemsha chai. Kipimajoto kidogo cha chumba ukikiacha humo kitakutoa wasiwasi. Kikisoma kati ya 25 na 30 uko salama.

Kuna wanaoweka vikopo juu ya friji, upande wa nyuma unaotoa joto. Inafaa, ila umeme ukikatika usiku kucha umerudi ulikotoka. Kando ya jiko la mkaa siwashauri. Linachoma upande mmoja, linapoa alfajiri saa ambayo baridi ndiyo kali, na kulala na mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa kunaua watu.

Udongo ukiwa na joto hilo, pilipili ndefu zinachomoza kwenye siku ya nane hadi ya kumi, mbuzi hata wiki tatu. Kuanzia hapo fungua deli kila asubuhi, chungulia. Unachokitafuta ni kijishina cheupe kilichopinda, kimeinua udongo kidogo kwa mgongo wake. Kopo lolote ukiliona hivyo, litoe siku hiyohiyo na nailoni uivue. Lisiporuhusiwa kuona mwanga, mche unarefuka shingo ukiutafuta, na mche wa shingo ndefu hausimami vizuri tena. Uweke dirisha la kaskazini. Agosti na Septemba jua letu la saa sita liko upande huo. Usiku urudishe ndani, mbali na kioo.

Hapo ndipo anapoingia kinyausi. Mche uliolala mzima unaamka umebanika kiuno pale unapogusana na udongo, unaanguka, na wa pili yake unafuata. Ni kuvu, ugonjwa wa udongo uliolowa na kupoa, na mche ulioanguka hauinuki. Dawa ni kutoufuga. Mwagilia asubuhi, kidogo, kwa maji ya uvuguvugu. Usisonge mbegu kumi kwenye kopo moja. Acha hewa ipite. Mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia jioni namwogopa kuliko vidukari.

Miche ikipata majani halisi manne hadi sita, izoeshe nje wiki nzima: saa mbili za kwanza kivulini, kesho zaidi, mpaka ilale nje. Kisha kila mche na ndoo yake, angalau ya lita 10, yenye matundu chini. Mahali pa kuiweka ndipo penye siri. Tafuta ukuta wa tofali au wa mawe unaopigwa na jua la mchana hadi jioni, uisogeze ndoo karibu nao. Ukuta unameza joto mchana na kulitema usiku. Ndoo za ukutani na ndoo za katikati ya uwanja, mbegu moja na udongo mmoja, huwezi kuamini ni ndugu.

Maua yakianza kupukutika usikimbilie duka la pembejeo. Usiku ukiwa wa baridi pilipili hudondosha maua yake, haidhuru umeilisha nini. Ngoja usiku upate joto, yatakayofuata yatashika. Siku za ukungu nyuki hawatoki, basi tikisa matawi taratibu kwa kidole mchana. Ua la pilipili lina chavua yake na linajitosheleza. Ndiyo, sasa tuseme na mbolea: samadi nyingi, hasa ya kuku, inakupa majani mapana ya kupendeza na pilipili za kuhesabu.

Juni ikirudi, usiing'oe. Pilipili si zao la msimu mmoja, isipokufa kwa baridi inaishi miaka kadhaa. Chuma zilizobaki, katia matawi yabaki mafupi, ndoo iingie chini ya bati la baraza karibu na ukuta, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Majani yatapungua, pengine yaishe yote. Kwaruza gome kwa ukucha: ukikuta kijani, bado hai. Septemba itachipua, na itazaa kabla ya miche yako mipya kutia hata ua.