Redio ya intaneti inaona Wi-Fi lakini inagoma kuungana: usiitupe bado

Mkuu, umesema redio ya mzee ilikuwa inapiga vizuri mpaka mlipobadilishiwa ruta. Sasa inaona jina la Wi-Fi, inakubali nenosiri, inatafuta weee, halafu inaandika imeshindwa. Fundi naye kasema imekufa. Mimi nakuomba usiitupe. Dalili hiyo hiyo nimeikuta kwenye redio yangu ya sebuleni, nikaikuta tena kwa mama mkwe, na zote mbili zinapiga hadi leo.

Anza na hotspoti ya simu, kabla hujagusa kingine chochote. Iweke kwenye masafa ya gigahezi 2.4, simu nyingi zina sehemu ya kuchagua hilo kwenye mipangilio ya hotspoti. Redio ikiungana na simu na kupiga, ujue ni nzima, na fundi alikosea. Usihofie bando: stesheni ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 58 kwa saa nzima.

Ikishapiga kwa simu, ingia kwenye mipangilio ya ruta. Ruta za siku hizi zinarusha masafa mawili, 2.4 na 5, chini ya jina moja, na redio nyingi, hasa za zamani kidogo, zinaijua 2.4 peke yake. Kwa kawaida zinaelewana, lakini kuna ruta zinazoisukuma redio kwenda 5 isikoweza kwenda. Yape masafa hayo majina mawili tofauti, kisha uiunge redio kwenye lile la 2.4.

Kwangu hilo halikutosha. Kilichokuwa kinazuia ni ulinzi. WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, ilitoka mwaka 2018, kwa hiyo redio iliyotengenezwa kabla ya hapo haiwezi kuijua, labda watengenezaji wake wawe wameiletea programu mpya, jambo ambalo kwa redio ni nadra. Hata ile hali ya mchanganyiko, WPA3 pamoja na WPA2 iliyoitangulia, ambayo ingepaswa kukubali vifaa vyote, baadhi ya redio inazichanganya. Nilipoiweka ruta kwenye WPA2 peke yake, yenye AES (njia yake ya kuficha data), redio ikaingia pale pale.

Kama hutaki kushusha ulinzi wa nyumba nzima, na mimi nakuunga mkono katika hilo, washa kwenye ruta mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili ya pembeni, uwe wa 2.4 na WPA2, redio ikae huko. Kwa mama mkwe ndivyo nilivyofanya. Ila fahamu kwamba mtandao wa wageni mara nyingi hutenga vifaa visionane, hivyo ile programu ya simu ya kuongozea redio haitaiona. Kwa mtu anayebonyeza vitufe vya redio yenyewe haina shida.

Nenosiri nalo lichunguze. Kwenye redio hizi unaandika kwa kuzungusha kitufe herufi moja moja, na ni rahisi herufi ndogo kuingia palipotakiwa kubwa. Alama kama & au nafasi katikati ya maneno zimewahi kunisumbua pia; nenosiri refu la herufi na tarakimu tupu linatosha.

Ikiungana halafu ikakaa kimya, tafuta kwenye menyu ya redio anwani ya IP, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, ruta haijaipa anwani. Zima vyote viwili, washa ruta kwanza, isubiri itulie, ndipo uwashe redio. Anwani ikiwa sawa na orodha ya stesheni inafunguka, ila stesheni fulani tu ndiyo haipigi, acha kuhangaika na ruta. Mwaka 2023 BBC iliachana na mfumo wake wa zamani wa kurusha matangazo kwa intaneti, na redio nyingi za zamani zikazikosa stesheni zake huku nyingine zikiendelea kupiga. Hapo tafuta programu mpya ya redio yako kwa mtengenezaji.

Kukatikakatika ni suala jingine: isogeze redio mbali na maikrowevu, maana nayo inatumia masafa ya karibu na 2.4, na usiiweke nyuma ya friji.

Watu watakushauri uirudishe redio kwenye hali ya kiwandani. Hiyo iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu inafuta stesheni zote alizohifadhi mzee. Ukilazimika, ziandike kwanza kwenye karatasi, jina na namba ya kitufe chake, umrudishie kila moja mahali alipoizoea.