Kabla ya Kuhuisha Mji wa Kale, Uliza Nani Atabaki Humo

Katika kushughulika na ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, nimesadiki kwamba swali la kwanza ni nani atakayelala humo mafundi wakishaondoka. Mji huu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na heshima hiyo imeleta wageni na fedha. Lakini pia imezifanya nyumba za familia zitamaniwe kwa ajili ya hoteli, na mtaa wenye hoteli pekee hukosa watoto wa kwenda chuoni alasiri na wazee wa kukaa barazani.

Kwa hiyo nawashauri wenye nyumba, ambao aghalabu ni warithi wengi wasioafikiana upesi, waanze na paa pamoja na mifereji ya mvua. Maji yakishapenya, ncha za boriti zilizozamishwa ukutani huoza bila mtu kuona, hadi siku sakafu ya juu inapoanza kulegea. Kisha kataeni saruji. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, nazo zilipigwa lipu ya chokaa inayoruhusu unyevu kutoka; zikifunikwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani, na baada ya masika kadhaa lipu huvimba, ukiigonga husikika tupu, kisha hubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Fundi anayeijua chokaa akidai ujira mkubwa zaidi, mlipeni, na mumwombe afuatane na kijana wa kumfundisha, maana ujuzi huo nao ni urithi.

Kwa wapangaji wa miji, naiona Bologna, Italia, kuwa mfano bora: mpango wake wa mwaka 1973 ulielekeza fedha za makazi ya umma kwenye nyumba kongwe za katikati ya mji ili wakazi wa kipato kidogo wasihamishwe. Huko George Town, Malaysia, udhibiti wa kodi za nyumba ulipokoma mwaka 2000, wapangaji wengi wa siku nyingi waliondoka, hata kabla mji haujaingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008.

Basi mkataba wa mpangaji, pamoja na kodi atakayolipa akirudi, uandikwe na kutiwa saini kabla jukwaa la mafundi halijasimamishwa, kwa kuwa anayepisha ujenzi bila karatasi mkononi ni nadra kurudi.