MASWALI YENU: Baden Powell wa gitaa, siyo yule wa skauti

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu mpiga gitaa wa Brazil anaitwa Baden Powell, tukaweka na picha ya santuri yake, basi simu haijatulia tangu siku hiyo. Nimechukua maswali manne, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mhariri, mimi ni skauti wa zamani, nimezaliwa Nyeri na kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, nalijua tangu nikiwa mtoto. Sasa naona huyu Mbrazili ameshika gitaa na jina ni lile lile. Ni mtu wa familia ama ni jina la kisanii tu? – Msomaji, Nyeri

Mzee wangu, si familia na wala si jina la kisanii, ni jina alilopewa alipozaliwa. Baba yake, Lilo de Aquino, alikuwa fundi viatu lakini pia alikuwa mtu wa skauti mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo alipopata mtoto wa kiume tarehe 6 Agosti 1937 kule Varre-Sai, mji mdogo jimbo la Rio de Janeiro, akamwita Baden Powell de Aquino, jina la ukoo la yule mzee limegeuzwa kuwa jina la mtoto. Na hebu fikiria, Robert Baden-Powell mwenyewe alikuwa bado hai wakati huo, alifariki huko kwenu Nyeri tarehe 8 Januari 1941, wakati huyu mtoto wa fundi viatu ana miaka mitatu hivi. Wewe unalijua lile duara lenye nukta katikati pale kaburini, alama ya skauti ya kusema nimeenda nyumbani. Mimi kila nikiiona picha ya hilo kaburi namkumbuka huyu wa gitaa, kwa sababu ukisikiliza maisha yake yote ni mtu anayetafuta njia ya kurudi nyumbani kwa nyuzi sita.

Familia ilihamia Rio, mtaa wa São Cristóvão, Baden akiwa bado mchanga kabisa. Baba alikuwa anapiga fidla na nyumbani kwake wanamuziki walikuwa hawaishi, kwa hiyo mtoto amekua anasikia muziki sebuleni. Alipofika miaka kama 8 akapelekwa kwa Jayme Florence, ambaye wote walimwita Meira, mmoja wa wapigaji wakubwa wa choro (ule muziki wa mjini Rio wenye noti nyingi zinazokimbizana). Meira alimfundisha choro na papo hapo akamfundisha gitaa la klasiki la Kihispania, na mimi naamini hapo ndipo kila kitu kilipoanzia, maana watu wengi wanajua kimoja tu, ama mtaa ama shule. Akiwa bado mtoto akashinda shindano la vipaji Rádio Nacional, akiwa kijana anasindikiza waimbaji redioni na usiku anapiga kwenye mabaa ya Copacabana.

Mukubwa, mimi napiga mi-solo. Kwetu kila gitaa ina kazi yake, lakini huyu mtu nikimsikia ni kama wako watatu. Ni ujanja wa studio? – Msomaji, Lubumbashi

Hapana ndugu yangu, ni mtu mmoja na mikono miwili, na hili swali ndilo nilikuwa nalisubiri.

Wewe unajua rumba ilivyogawana kazi, ridhim anashika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), mi-solo anajaza katikati, solo anaimba juu, besi anatembea chini, na mpiga drams anawafunga wote. Baden amechukua hizo kazi zote akaziweka kwenye gitaa moja la nyuzi za nailoni. Dole gumba la mkono wa kulia ndo ngoma kubwa, ile ambayo Wabrazili wanaiita surdo, inayopiga moyo wa samba, muziki wa ngoma na dansi wa Brazil, na vidole vinavyofuata vinacheza tamborim, kile kingoma kidogo cha kushika mkononi kinachochokonoa katikati ya mapigo, halafu melodi inapita juu kabisa kwenye uzi wa kwanza bila kumsubiri mtu. Ndo maana unasikia watatu. Wapigaji wengine wa bossa nova (samba iliyopolewa, ya sauti ya chini), mfano João Gilberto, wanapiga kama mtu anayekunong'oneza sikioni na ni wazuri sana, ila Baden anagonga, unasikia kucha inakwaruza uzi na uzi unarudi unapiga mbao.

Ukitaka kuelewa chukua gitaa lako sasa hivi. Legeza uzi wa sita, ule mnene, ushuke kutoka noti ya E mpaka D. Sasa piga huo D kwa dole gumba usiuache, na juu yake vidole vibadilishe kodi mbili zinazopishana hatua moja tu, juu, chini, juu, chini. Hapo umeshaingia mlango wa Berimbau, wimbo wake wa miaka ya 60 mwanzoni. Berimbau yenyewe ni upinde wenye waya mmoja na kibuyu, ndo unaongoza capoeira, mchezo wa kupigana kwa kucheza, kule jimbo la Bahia. Mpigaji anaegemeza kibuyu tumboni, mkono mmoja una fimbo nyembamba na kikapu kidogo cha kayamba, mkono mwingine una jiwe au sarafu, akiligusisha kwenye waya sauti inapanda, akiliachia inashuka, basi, noti mbili hizo ndo dunia nzima. Huo upinde umetoka Afrika, Angola wana hungu, na kwetu Tanzania Wagogo wana ndono ambayo ukiiona utasema ni mtoto wa mama mmoja. Baden akazichukua zile noti mbili za waya akazihamishia kwenye gitaa. Mimi nilikaa na zile baa nne (vipimo vya mapigo) za mwanzo wa wimbo mwezi mzima, shida haikuwa mkono wa kushoto, shida ni kwamba dole gumba langu lilikuwa linawafuata wenzake badala ya kusimama peke yake. Siku liliposimama nilinyamaza nikaweka gitaa chini, nilijua nimesikia kitu.

Kaka, mimi ni mwanakwaya. Nimesikia kwamba huyu alikuwa anaimba nyimbo za mizimu halafu uzeeni akaokoka na kuzikataa. Ni kweli? – Msomaji, Dar es Salaam

Dada yangu, ni kweli aliokoka, ila habari ni ndefu kidogo kuliko hivyo.

Mwaka 1962 alikutana na Vinicius de Moraes, mshairi mkubwa na mwanadiplomasia ambaye tayari alikuwa ameshaandika nyimbo na Tom Jobim, mtunzi mkubwa wa bossa nova. Hawa wawili wakajifungia nyumbani kwa Vinicius siku na siku, gitaa, karatasi na whisky nyingi kuliko inavyofaa, na humo zikatoka nyimbo ambazo Brazil inaziimba mpaka leo. Wakati huo huo Baden alikuwa amefika Bahia, akasikiliza ngoma na nyimbo za candomblé, dini ya watu ambao babu zao walitolewa Afrika Magharibi kwa meli za utumwa, wengi wao Wayoruba. Ossanha, Xangô, Iemanjá ni majina ya miungu wa dini hiyo, yaliyovuka bahari kwenye vichwa vya watu ambao hawakuruhusiwa kubeba kitu kingine. Brazil ilipokea zaidi ya Waafrika milioni 4 kwa njia hiyo na utumwa ukafutwa 1888 tu, yaani Baden anazaliwa bado haijapita miaka 50. Pia alikuwa anasoma nadharia ya muziki kwa Moacir Santos, mwanamuziki mweusi wa heshima kubwa, na mazoezi ya skeli za zamani aliyopewa na mwalimu ndo yalimsaidia kuzipa zile ngoma lugha ya gitaa. Matokeo ni albamu ya 1966, Os Afro-Sambas, nyimbo 8, mipangilio ya Guerra-Peixe, na kwaya ya kina dada wa Quarteto em Cy. Kwa maoni yangu ni moja ya rekodi muhimu kabisa za muziki wa watu weusi popote duniani, nasema hivyo bila kusita.

Sasa uzeeni, baada ya miaka mingi ya pombe kumla mwili, akaingia kanisa la kilokole. Gitaa hakuliacha. Alichokataa ni maneno, hasa saravá, ile salamu ya watu wa dini hizo ambayo iko katikati ya Samba da Bênção, wimbo wake na Vinicius, akifika pale hasemi. Wengine walimlaumu, mimi simlaumu, mtu na Mungu wake. Ila wewe kama mwanakwaya sikiliza hizo rekodi za mwisho, mdomo umenyamaza lakini dole gumba bado linapiga ngoma ile ile. Alifariki Rio tarehe 26 Septemba 2000, nimonia juu ya kisukari, akiwa na miaka 63.

Mwalimu, mimi nasoma chuo na gitaa nimeanza mwaka huu. Huyu ni jazi au si jazi, na nianze na rekodi ipi? – Msomaji, Mombasa

Mwanangu, Wazungu walimpokea kama mtu wa jazi na yeye hakuwakatalia. Alienda Paris miaka ya 60 mwanzoni, akakubalika kule, watoto wake wawili wamezaliwa huko huko, Philippe anapiga piano na Louis Marcel anapiga gitaa. Baadaye miaka ya 80 akaishi Ujerumani, mji wa Baden-Baden. Mwaka 1967 alipiga kwenye tamasha la jazi la Berlin pamoja na Jim Hall na Barney Kessel, Wamarekani wawili wa gitaa la umeme, yeye na nailoni yake na kucha zake. Lakini huko kwao mwaka uliofuata wimbo wake Lapinha, maneno ya kijana Paulo César Pinheiro, ukashinda tamasha la samba ukiimbwa na Elis Regina, mwimbaji maarufu wa Brazil. Kwa hiyo ni jazi, ni samba, ni choro, usimkate vipande.

Anza na Tristeza on Guitar ya 1966. Usianze na nyimbo zenye kasi. Nenda kwanza Canto de Ossanha, sikiliza besi tu, inavyoshuka ngazi kwa ngazi halafu inarudi juu kuanza tena, iimbe kwa mdomo mpaka uizoee kabla hujagusa gitaa. Halafu nenda Round About Midnight, wimbo wa Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, humo anapiga polepole na utasikia kila kidole kinavyotua. Ukishaweza kuimba hizo besi mbili niandikie, nitakutumia mazoezi ya dole gumba.