Asilimia 50 ya nini?

Shangazi wa saluni anajibu barua za wanaojifunza kazi ya nywele na urembo

Shikamoo Shangazi. Ninajifunza saluni hapa Bombo, Uganda. Juzi mteja alitaka rangi ya dhahabu, na dada anayenifundisha akaulizia developa, ile dawa ya kuchanganywa na rangi, ya volyumu 40. Tulikuwa na chupa mbili za 20 tu. Mwenzangu akasema tuzimimine pamoja, 20 na 20 ni 40. Dada alikataa kwa ukali, lakini hakutueleza sababu. Shuleni hesabu ilinishinda, na sasa naogopa hata kushika bakuli la rangi.

Marahaba, mwanangu. Dada yako alifanya vyema kukataa, nawe umefanya vyema kuuliza, kwa sababu wengi hulimeza swali hili, kisha siku wakiachwa peke yao saluni wanamimina.

Ukiwa na vikombe viwili vya chai, kila kimoja kijiko kimoja cha sukari, ukavimimina kwenye sufuria moja, chai inaongezeka lakini utamu ni uleule. Namba ya kwenye chupa ya developa inataja nguvu, haitaji wingi. Volyumu 10 ni peroksaidi ya asilimia 3. Volyumu 20 ni asilimia 6, 30 ni 9, na 40 ni 12. Gawanya volyumu kwa 10, zidisha kwa 3, basi. Chupa nyingine huandikwa volyumu, nyingine asilimia, na mwenye hesabu hii kichwani hapotezwi na muuza duka.

Kwa kuchanganya huwezi kupata nguvu inayozidi chupa yako kali kuliko zote. Kuteremsha ndiko unakoweza. Chukua ya asilimia 12 na ya asilimia 6, za kampuni moja, kiasi sawa kwa sawa: unapata 9. Kama una ya 12 na ya 3, weka sehemu moja ya ile kali na sehemu mbili za ile dhaifu. Jumlisha 12 na 3 na 3, ni 18. Gawanya kwa sehemu tatu, ni asilimia 6. Na hiyo ya volyumu 40, hata ukiipata, usiipeleke kwenye ngozi ya kichwa cha mtu. Inaunguza.

Halafu kuna uwiano, na hapa ndipo ninapoona rangi nyingi zikiharibika. Boksi likisema 1:1½, yaani rangi sehemu moja kwa developa sehemu moja na nusu, tyubu nzima ya mililita 60 inataka developa 90. Hiyo kila mtu anaiweza. Siku ya kutumia nusu tyubu, mtu anaweka 90 ileile aliyozoea badala ya 45, na rangi inakuwa majimaji, inachuruzika shingoni, mvi zinabaki palepale. Boksi likisema 1:2 nawe unahitaji mchanganyiko wa 90 kwa jumla, usigawe kwa 2. Sehemu ziko tatu: rangi 30, developa 60. Tafuta mizani ndogo ya jikoni, upime vyote viwili kwa gramu, uachane na kukadiria kwa jicho.

Usisahau na saa 48 za kupima mzio. Bibi harusi wa Jumamosi asubuhi anakuja kupakwa rangi kidogo nyuma ya sikio Alhamisi asubuhi. Akija Ijumaa jioni umechelewa, hata kama amekuja na pesa mkononi.

Siku isiyo na wateja, kaa na bakuli, maji na mizani. Pima 30 kwa 45, 40 kwa 60, 20 kwa 40, mpaka mkono uzoee. Nimewafundisha wasichana waliokuja na hofu kama yako, na leo ndio wanaoaminiwa kabati la rangi.

Shangazi, simu ya saluni yetu inaandika miadi kwa saa za 24. Mteja wa 14:00 nilimwandikia saa 2, akatukuta na kiti kimejaa. Nifanyeje?

Ondoa 6. Simu ikisema 09:00, ni saa 3 asubuhi. Ikisema 14:00, ni saa 8 mchana. Jibu likizidi 12, ondoa 12 tena, kwa hiyo 20:00 ni saa 2 usiku. Na unapoandika saa ya kuanza, andika na ya kumaliza. Rasta za saa tano zikianza saa 8 mchana zinakwisha saa 1 usiku, na kiti hicho usimpe mtu wa saa 11.

Shangazi wetu, tuko wawili, tunasuka Wandegeya, Kampala, kwa kamisheni ya asilimia 50. Tulisuka rasta za shilingi 70,000, nywele zikiwa za saluni, pakiti 5. Kazi ilituchukua saa sita. Tulitarajia 35,000 tugawane, bosi akatupa 15,000. Anasema pakiti moja ni 8,000. Je, tunadhulumiwa?

Wanangu, kabla ya kusema dhuluma tufungue hesabu yenyewe. Pakiti 5 kwa 8,000 ni 40,000. Mkichukua 35,000 yenu, bosi anabaki na 35,000, na nywele peke yake zilimgharimu 40,000. Atakuwa ametoa 5,000 mfukoni ili nyinyi msuke, na hajalipa kodi ya chumba wala umeme. Ukitoa nywele kwanza, 70,000 inabaki 30,000, nusu yake ni 15,000. Hesabu aliyowafanyia inasimama.

Kosa liko siku mliyoanza kazi. Mliambiwa asilimia 50, mkaitikia, na hakuna aliyeuliza ni asilimia 50 ya nini. Ya pesa aliyolipa mteja, au ya kinachobaki baada ya nywele na dawa? Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Nendeni mkamuulize leo, kwa heshima, na jibu liandikwe kwenye daftari. Bosi asiyetaka liandikwe, mimi simpendi.

Kuna jingine la kuuliza: 8,000 ni bei aliyonunulia, au bei anayomuuzia mteja? Tuseme alizitoa Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, kwa 6,500. Kila pakiti ina 1,500 yake, pakiti tano ni 7,500, na hiyo haikuingia kwenye mgao wenu. Huenda ana haki nayo, maana mtaji ni wake na boda alilipa yeye. Lakini mfanyakazi anastahili kujua, na kumficha naona si uungwana.

Sasa tazameni muda wenu. Kila mmoja alipata 7,500 kwa saa sita, yaani 1,250 kwa saa. Chukueni kuosha na kukausha kwa 15,000, dawa ikila 3,000. Inabaki 12,000, nusu yake 6,000, na ni kazi ya mtu mmoja ya saa moja. Rasta zina bei kubwa na mnazigombania, kumbe kwa saa zinawalipa karibu mara tano chini. Sisemi muache kusuka. Nasema mjue, ili siku yenye wateja wengi wa kuosha msikimbilie wote kiti cha rasta.

Na mteja akiomba apunguziwe 10,000, anaona ni sehemu moja ya saba, ndogo tu. Nywele hazikushuka bei, kwa hiyo punguzo lote linaangukia ile 30,000. Inabaki 20,000, mgao wenu 10,000, kila mmoja 5,000. Mmepoteza theluthi ya ujira. Afadhali mumpunguzie pakiti moja, msuke nyembamba kidogo, kuliko kupunguza pesa.

Shangazi, ninafanya kazi Busia, upande wa Uganda. Wateja wengi wanalipa kwa shilingi za Kenya na nachanganyikiwa, nizidishe au nigawe? Jioni pesa inapungua na ninakatwa mimi.

Pole, binti yangu. Ukitoka pesa ya Kenya kuja ya Uganda, unazidisha, kwa sababu namba lazima ikue. Ukitoka ya Uganda kwenda ya Kenya, unagawa. Tuseme bei ya siku ni 28 za Uganda kwa moja ya Kenya: kazi ya 35,000 ni 1,250 za Kenya. Akikupa 1,500, chenji yake ni 250 za Kenya, au 7,000 za hapa. Jibu likitoka kinyume, namba ikikua pale inapotakiwa kupungua, usiguse sanduku la pesa; anza upya.

Lakini nadhani upungufu wako unatoka kwingine. Unamhesabia mteja kwa 28, na jioni mbadilishaji fedha ananunua kwako kwa 27.5. Zile 1,250 zinakupa 34,375, na 625 imepotea kwa kichwa kimoja. Mhesabie mteja kwa bei utakayonunuliwa: 35,000 gawanya kwa 27.5 ni kama 1,273, sema 1,280.

Malipo ya simu nayo yana makato yake. Ukitoa pesa unalipa ada ya wakala, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5, ambayo kwenye 50,000 ni 250. Mwambie bosi aziandike kama matumizi ya saluni, zisitoke kwako.

Asubuhi kabla ya kufungua, muulize mbadilishaji ananunua kwa ngapi leo, uandike kwenye karatasi ubandike karibu na kioo: 100 ni 2,750; 500 ni 13,750; 1,000 ni 27,500. Mteja aione, na bosi naye aione.